Jiwe la Mugere na Majina Yasiyoandikwa



Darasani tunafundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia, na kwamba sadaka ya siri ina daraja kuliko ile ya hadharani, kama ilivyo katika Surat al-Baqara. Saa mbili baadaye, katika somo la tarehe ya Uislamu, tunafundishwa majina: nani alifungua mji gani, nani alijenga msikiti gani, nani alipokea hadithi kutoka kwa nani. Masomo haya mawili yako katika ratiba moja, lakini sijamsikia mwanafunzi akiuliza yanapatana vipi. Ikiwa mtu mwema anatakiwa afiche wema wake, kwa nini sisi tunatakiwa tukumbuke majina ya watu wema? Na yule ambaye jina lake halikuandikwa popote, je, amedhulumiwa, au hakupungukiwa na kitu?

Swali hili lilinishika mwezi wa saba, wakati wa likizo, nilipokuwa nyumbani Bujumbura. Mimi na rafiki yangu wa tangu madrasa tulikubaliana kwenda kwa miguu hadi Mugere, kiasi cha kilomita 12 kusini mwa mji, kuliona jiwe la Livingstone na Stanley. Tumezaliwa Buyenzi, tumekuwa tukilisikia jiwe hilo maisha yetu yote, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Mafuta yalikuwa ya shida wiki ile na mabasi yalikuwa ya kugombania, kwa hiyo kutembea halikuwa jambo la ajabu. Barabara ilikuwa imejaa watu kama sisi. Rafiki yangu anasoma uhandisi wa ujenzi. Huniita Ustadhi, hasa pale anapotaka kunibishia.

Tuliondoka baada ya Alfajiri tukapita Kanyosha na Ruziba. Kulia kwetu lilikuwa Ziwa Tanganyika, kushoto vilima. Wakati wa kiangazi hewa hujaa vumbi na moshi wa mashamba, kwa hiyo milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilionekana kama kivuli tu. Wanawake walikuwa wakipandisha mjini na mikungu ya ndizi kichwani. Ndagala zilikuwa zimeanikwa, na harufu yake ilitufuata mwendo mrefu. Nalitaja hili kwa sababu Qur'ani inatuamuru mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame, na Surat al-Hajj inaeleza kwamba upofu wa kweli ni ule wa nyoyo zilizo vifuani, si wa macho. Safari ya kutazama ni ibada ikiwa na mazingatio. Isipokuwa nayo, ni kuchosha miguu.

Jiwe lenyewe ni mwamba mkubwa juu ya kilima kidogo, mahali unapoliona ziwa vizuri. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25 Novemba 1871. Baadhi ya watu hudhani hapo ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania ya leo, wiki chache kabla. Kutoka Ujiji walipanda kaskazini kwa mtumbwi ili kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, kwa sababu walikuwa wakitafuta asili ya mto Nile. Waliukuta unaingia. Mugere walilala usiku mbili tu.

Rafiki yangu aliliangalia jiwe, kisha akaliangalia ziwa, akauliza swali la mhandisi: "Mtumbwi uliendeshwa na nani? Watu wawili hawapigi makasia kutoka Ujiji hadi hapa."

Jibu ni kwamba ulipigwa makasia na watu weusi waliozungumza Kiswahili. Msafara uliomleta Stanley kutoka Bagamoyo ulikuwa na wapagazi, askari na wapishi wengi, na kiongozi wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto. Livingstone naye alikuwa na watu wake, akiwamo Abdullah Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu hao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi pwani ya Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1874. Alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Jiwe la kaburi lake linataja kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Mikono ya nani, jiwe halisemi.

Nikasema pale pale kwamba hii ni dhuluma. Walioona njia wamesahauliwa, walioonyeshwa njia wamechongewa mwamba. Na si Mugere tu. Ukienda Rutovu, kwenye piramidi ndogo iliyojengwa juu ya chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile, utaambiwa habari za Burkhart Waldecker, Mjerumani aliyeitambua miaka ya 1930. Hutaambiwa lolote la watu waliokuwa wakichota maji hapo kabla hajazaliwa.

Rafiki yangu hakukubali. "Wewe ndiye unayesoma dini," akaniambia, "na wewe ndiye unayelilia jiwe. Mpagazi Muislamu aliyekufa njiani amepungukiwa na nini kwa kukosa kuandikwa na Stanley? Kitabu chake kiko kwa Mola wake. Unataka daftari la pili la nini?" Kisha akanikumbusha kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) ambacho sote tulikisoma madrasa. Baada ya vita vya Nahawand, mjumbe alimtajia majina ya mashahidi waliojulikana, kisha akasema wapo na wengine ambao Amirul Muuminin hawajui. Umar akajibu kwa maana kwamba hawadhuriki kwa kutojulikana na Umar, maana Allah anawajua.

Hoja hiyo ni nzito. Sikutaka kuijibu haraka, na hata leo sitaki msomaji aidharau. Ina nguvu tatu. Kwanza, ni tauhidi: inatufundisha kwamba anayelipa ni mmoja. Pili, inamponya mtu na ria, maana anayetenda akitazama jiwe ameshapokea ujira wake kwa jiwe. Tatu, inawaliwaza wanyonge. Mama anayelea yatima bila kupigwa picha, kijana anayeosha vyoo vya msikiti kabla ya Ijumaa, hawa wote wanaishi kwa hoja hii.

Lakini kisa kile kina jambo ambalo huwa tunalipita. Umar alisema maneno yale akilia. Kama kutojulikana kwao kungekuwa jambo la kawaida, kilio kilikuwa cha nini? Nadhani alijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba wao hawakupungukiwa, na kwamba yeye amepungukiwa. Mashahidi wale wana daftari lao kwa Mola. Ni Umar aliyekosa nafasi ya kuwajua, kuwashukuru na kuwaangalia watoto wao.

Hapo ndipo ninapoona masomo yale mawili yanapatana. Mtendaji ana wajibu wake, na shahidi ana wake. Mtendaji anatakiwa afiche. Shahidi, yaani aliyeona au aliyenufaika, anatakiwa aseme. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake, na huwezi kumshukuru mtu ambaye hujajishughulisha hata kumjua. Kosa letu ni kuubadilisha wajibu. Mtendaji anajitangaza, na shahidi ananyamaza akisema, "Allah anamjua, yatosha." Maneno hayo ni dawa kinywani mwa aliyesahauliwa. Kinywani mwa aliyesahau yanaweza kuwa uvivu tu.

Dalili yangu kubwa ni yule mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, ambaye riwaya nyingine zimemhifadhi kwa jina la Ummu Mihjan. Alipokufa, masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume alimkosa, akamwulizia, akawahoji kwa nini hawakumwambia, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia. Zingatia kwamba mwanamke yule hakuhitaji kutajwa ili apate ujira wake. Masahaba ndio waliohitaji kufundishwa kwamba hakuna mtu mdogo. Mtume hakusema, "Allah anamjua, yatosha," ingawa ndiye aliyelijua hilo kuliko wote.

Nilidhani mjadala umekwisha. Tulikaa kivulini tukala mihogo ya kuchoma, tukaswali Adhuhuri, tukaanza kurudi. Karibu na Ruziba rafiki yangu, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, akaniambia jambo ambalo ameniruhusu niliandike bila kumtaja jina.

Katika familia yao, kwenye harusi na maziko, husimuliwa kwamba babu mkuu alikuja na msafara kutoka pwani, mfanyabiashara wa pembe, mtu wa kanzu na kilemba. Mwaka juzi bibi yake, akiwa mgonjwa wa maradhi yaliyomwondoa, alimwita peke yake akamwambia si kweli. Babu yule alikamatwa Manyema akiwa mtoto, akavukishwa ziwa, akauzwa Ujiji. Baadaye alipata uhuru wake na akafika mji huu akiwa mpagazi. Kilemba kilitungwa na watoto wake, kwa sababu katika mtaa wetu aliyetoka kwa mtumwa hakupewa mke kwa urahisi. Bibi hakusema amwambie nani, wala hakusema afiche. "Sasa Ustadhi," akaniuliza, "niwaambie wadogo zangu, au niseme Allah anamjua, yatosha?"

Ndipo nikaelewa kwamba tangu asubuhi hakuwa akimtetea Stanley. Alikuwa akijitetea yeye na ukimya wake.

Ndugu msomaji, jambo hili si la familia moja. Ni rahisi kwetu, vijana wa Kiislamu, kulaumu jiwe la wazungu kwa kuandika majina mawili tu. Lakini nasi tuna mawe yetu. Mwezi Julai 1871, miezi minne kabla ya tarehe ile ya Mugere, Livingstone alikuwa Nyangwe, huko huko Manyema, akashuhudia watu wa wafanyabiashara wa misafara wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, kwa bunduki na kwa kuzama mtoni. Wafanyabiashara hao walikuwa wa dini yetu na walizungumza lugha yetu. Mitaa ya Waswahili kuanzia Ujiji hadi Buyenzi na Kasongo imetokana na misafara ile: wenye mali, waungwana, wapagazi na watumwa. Leo ukiuliza, kila nyumba imetokana na mwenye mali. Waliobeba pembe wamekwenda wapi? Walizaa pia. Ni sisi.

Surat an-Nisaa inatuamuru tusimamie uadilifu na tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Anayedai ushahidi wa kweli kutoka kwenye jiwe la Mugere, lazima autoe nyumbani kwake kwanza.

Najua kuna pingamizi, na rafiki yangu aliitoa mwenyewe: je, dini haikutuamuru kusitiri? Aliyemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Kweli kabisa. Lakini kinachositiriwa ni aibu, na aibu ni kosa la mtu. Kukamatwa ukiwa mtoto ni kosa gani? Mwenye aibu ni aliyekamata na aliyenunua. Tukimficha aliyeuzwa kana kwamba yeye ndiye mkosaji, tunakuwa tumekubali hukumu ya yule aliyemuuza. Mtazame Bilal (R.A.). Hakuna kitabu cha sira kinachoficha kwamba alikuwa mtumwa. Tunalisimulia hilo mimbarini kwa fahari, na Umar mwenyewe alimwita bwana wetu. Kwa nini utumwa wa Bilal ni utukufu, na wa babu wa Buyenzi ni siri ya kitandani?

Pia kuna hukumu ya nasaba. Surat al-Ahzab inaelekeza watu waitwe kwa baba zao, na kama baba zao hawajulikani, basi ni ndugu katika dini. Haikutupa njia ya tatu, ya kumtungia mtu baba mwenye kilemba. Salim (R.A.), aliyekuwa mtumwa akaachwa huru katika nyumba ya Abu Hudhayfa, baada ya hukumu hii hakutungiwa ukoo wa Kikuraishi. Aliitwa maula wa Abu Hudhayfa, na kwa jina hilo hilo Mtume alimtaja miongoni mwa wanne wanaofaa kufundisha Qur'ani.

Sisemi kwamba wazee wetu waliotunga visa vile walikuwa waongo. Walikuwa wakiwaokoa watoto wao na dharau iliyokuwa kweli, katika mji ambao hata baadaye Mswahili alihesabiwa mgeni. Walifanya walichoweza. Sisi hatuna udhuru wao. Anayeoa leo Buyenzi huulizwa kazi na tabia, na akiulizwa kilemba cha babu, aliyeuliza ndiye mwenye kasoro.

Wala sisemi kila kitu kisemwe popote. Adabu ya ushahidi ina mipaka. Siri ya mtu aliye hai ni yake mpaka aruhusu. Dhambi aliyotubia marehemu haifukuliwi. Na kumbukumbu isigeuke kuabudu mawe. Umar alipolibusu Jiwe Jeusi alitangaza mbele za watu kwamba ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi. Sitaki mwamba mwingine Mugere wenye orodha ndefu zaidi. Nataka watu wanaojua.

Mfano wa ninachotaka tunao karibu. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika kwa makabila, lakini Buyenzi ilibaki na watu wa kila kabila. Wazee wetu wanasimulia nyumba zilizofungua milango usiku, na vyumba vya uani vilivyolala watu ambao asubuhi hawakuulizwa kabila lao. Waliofungua hawajitaji, na wamefanya sawa: wao ni watendaji. Lakini wanazeeka. Kila mwaka tunazika kadhaa, tunasoma hitima, tunakula pilau, na milango ile inazikwa pamoja nao. Mtoto wa mtaa wetu anaweza kutaja tarehe ya Livingstone na asijue ni nyumba gani ya jirani iliyookoa watu. Siku itakapokuja fitina nyingine, Allah atuepushe, huyo mtoto atamwiga nani?

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa wanachama wote wa jumuiya yetu, mliotoka Burundi, Rwanda, Kongo na Uganda. Likizo ijayo, kabla hujakwenda kupiga picha kwenye jiwe la mtu, mwendee mzee mmoja wa familia yako au wa msikiti wako. Mwulize mambo matatu: familia yetu ilifikaje hapa, nani alitutendea wema ambao haujawahi kusemwa, na ni nani tuliyemtendea ubaya. Andika jibu katika daftari. Mwombe ruhusa ya unachoweza kusimulia, na asichokiruhusu kifunge. Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo litakaloonyesha kama mawili ya kwanza uliyauliza kwa uadilifu au kwa kujisifu.

Ama rafiki yangu, aliwaambia wadogo zake usiku wa Ijumaa iliyofuata, baada ya Isha, mama yao akiwapo. Mama alikuwa akijua siku zote. Mdogo wa mwisho, mwenye miaka kumi na mmoja, aliuliza babu yule alikuwa anaitwa nani. Bibi alikuwa amelitaja jina kabla hajafariki, na rafiki yangu alikuwa amelihifadhi. Sasa limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la nyumbani kwao, na huombewa dua kwa jina lake.

Ewe Mola, waghufirie waliotutangulia, tunaowajua na wale ambao Wewe peke yako unawajua, na tujaalie tuwe mashahidi wa kweli. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.